Mwaka Mabata wa Sorum Walipovuka

Sorum, Minnesota
9 Juni 1974

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na salamu nyingi kutoka huku nchi kavu. Naomba Mungu barua hii ikufikie kavu pia, maana ile ya Mei ulisema ilitoka kwenye ndoo ya posta ya meli yenu ikiwa uji mtupu. Mimi mzima. Shule tumefunga Ijumaa, na watoto wangu wa darasa la tatu wameniaga kwa kuniachia chura kwenye droo ya meza. Nyumba yako iko salama. Bomba la jikoni limeacha kuvuja baada ya kulipiga teke kama ulivyonielekeza. Viazi nimepanda, na ile mboga yako chachu ya rubarbu imeota yenyewe kwa kiburi chake kile kile.

Najua salamu hizi umezisoma mbio mbio ukiwatafuta Mabata. Haya, vuta kiti. Timu yetu ya besiboli inashinda, Mjomba! Sikutanii. Tumepoteza mchezo mmoja tu, na huo tulipoteza kwa sababu mdakaji wetu alikuwa harusini kwa dada yake na Duane Torvik akamweka mwanawe, ambaye anaudaka mpira kama mtu anayekwepa nyuki. Duane kocha wetu amepungua hadi suruali inamvuka. Hali, halali, dukani kwake anawauzia watu misumari walioomba rangi.

Jumapili iliyopita tulikwenda Edelbach. Walitulilia kama bata tangu tunashuka kwenye magari mpaka tunapanda, watu wazima wale, na padri wao akiwa katikati. Yule mrushaji wao, Alois Stangl, alitupa vizuri sana. Ana utulivu fulani. Mpira wake ukimgonga mpigaji, anamwomba radhi kwa kugusa kofia. Huo ndio mchezo pekee tuliopoteza, sasa nikikumbuka vizuri, kwa hiyo pengine kosa halikuwa la mwana wa Duane peke yake.

Mjomba, je, mwisho wa Agosti utaweza kupata ruhusa ya siku chache? Kuna jambo ningependa uwepo. Usiulize sasa.

Mpwa wako anayekupenda,
Marlys


Melini, Ziwa Huron
20 Juni 1974

Marlys mpwa wangu,

Marahaba, marahaba mara mbili. Barua imefika kavu kama biskuti. Mashua ya posta ilitukimbilia ubavuni hapo Detroit, tukashusha ndoo, ikapanda na barua yako pamoja na magazeti ya kapteni. Mimi sijambo, isipokuwa goti. Wanaume ishirini na kitu wanakula humu kama wamefungiwa mwaka mzima. Jana nimewapikia bakuli la viazi na nyama kwa mapishi ya mama yako, marehemu dada yangu, na mhandisi mkuu akauliza kama mpishi ameoa. Nikamwambia nimemuoa yeye na wenzake, na ndoa hainipendezi.

Ati usiulize! Unadhani mimi mtoto? Nimeelewa vizuri sana. Hata wewe umeiona: mwaka huu tunafika mashindano ya jimbo! Hukutaka kulitamka usije ukalitia nuksi, na umefanya vema. Mwisho wa Agosti ndipo wakubwa wanapobaki, na Mabata hawajakanyaga huko tangu mwaka 1948. Miaka ishirini na sita, mwanangu. Mwaka ule nilikuwa kitandani na homa ya mapafu, sikuona hata mpira mmoja. Nilisimuliwa. Nimesimuliwa ule mchezo na kila mlevi wa Sorum, na kila mmoja alikuwa na lake. Safari hii nitauona kwa macho yangu hata kama itabidi niogelee.

Nimekwenda kwa kapteni siku hiyo hiyo. Amekubali: siku tatu, mara moja tu msimu huu, nami nichague ni lini. Nimeziweka kwapani.

Ila umenichefua na huyo Stangl. Utulivu? Anagusa kofia? Nyoka naye ana utulivu. Mtu ametufunga miaka minne mfululizo kwa ule mpira wake wa kupinda, halafu unaniambia ana adabu! Mjerumani mla kabichi chachu yule. Siku Edelbach watakapoungua moto nitapeleka soseji nichome.

Kula vizuri. Usimwamini mtu wa kugusa kofia.

Mjomba wako,
Sigvald


Sorum
21 Julai 1974

Mjomba,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya. Joto limetukaba, mahindi yamefika kifuani, na kanisani feni imeharibika hivyo mahubiri yamefupishwa, kila mtu anamshukuru Mungu kwa dhati. Jirani yetu Bi Tollefson amevunjika kidole cha mguu kwa kumpiga teke kuku. Kuku mzima.

Mabata, Mjomba! Wiki hii mchujo wa kanda unaanza. Nimekaa kwenye ile meza ya kuandika pointi miaka sita, na sijawahi kuona watu wa Sorum wanafika uwanjani kabla ya wachezaji. Dale Rognlie anapiga mpira unapita juu ya mwaloni wa Bwana Hoff. Hakuna anayeutaja ushindi. Wakiulizwa "Mwaka huu vipi?" wanajibu "Ah, mvua ingenyesha kidogo." Wote wameogopa kutumaini kwa sauti. Mimi pia nimeogopa, na kwangu ni zaidi ya mpira, lakini tuyaache hayo.

Edelbach nao wapo kwenye kanda yetu. Huenda tukakutana nao fainali. Sijui niombe nini.

Ninakupenda. Jipake dawa gotini, usiitie kwenye supu.

Marlys


Toledo, bandarini
31 Julai 1974

Marlys,

Hujambo mama. Mimi mzima, goti limenyamaza, na kuku wa Bi Tollefson mpe heshima zangu.

Sasa tuzungumze. Umeniandikia habari za mwaloni wa Hoff, feni, na kidole cha jirani, lakini yule Stangl niliyekuandikia habari zake hukumgusa. Na mimi nimekulea tangu ukiwa na miaka tisa. Nilikufundisha kuandika pointi kabla hujajua kusuka nywele. Mtu wa Sorum anayesema "sijui niombe nini" dhidi ya Edelbach, huyo ama anaumwa ama anapenda. Nimeisoma tena ile ya Juni. Wakubwa walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na wewe, binti yangu, umekohoa kurasa mbili nzima.

Sisemi neno. Nangoja useme mwenyewe. Ila nangoja nikiwa nimekunja uso.

Sigvald


Sorum
12 Agosti 1974

Mjomba wangu,

Shikamoo, na kwanza kaa chini. Shika kitu.

TUMEWAFUNGA EDELBACH. Tatu kwa mbili, jana, kwao, mbele ya padri wao. Katika raundi ya mwisho Dale alipiga mpira ukaenda kuangukia kwenye sufuria ya soseji ya wenyeji, wallahi, mchuzi ukamrukia meya. Duane alikaa katikati ya uwanja akalia, na watu wakampita wakimpapasa kichwa. Mabata wanakwenda jimboni, Mjomba! Kengele ya kanisa iligongwa hadi kamba ikakatika.

Aliyekuwa anatupa kwa upande wao ni Alois. Kwa hiyo mpira ule wa Dale ulitoka mkononi mwake. Nilisimama nikashangilia na machozi yakanitoka, na sijui yalikuwa ya upande gani.

Unaijua sheria: timu inayovuka inaruhusiwa kuchukua warushaji kutoka timu ilizozitoa kwenye kanda, wakaisaidie jimboni. Jana hiyo hiyo Duane akafuta machozi, akavuka uwanja, akamchukua Alois Stangl. Ndiyo. Atavaa kofia ya bata. Watu wa Sorum wamegawanyika: nusu wanasema Duane ana akili, nusu wanasema amerogwa.

Sasa la pili. Umelijua tayari, basi nalisema: Alois na mimi tunaoana. Tumependana tangu majira ya baridi, gari langu lilipozama kwenye theluji naye akanivuta kwa trekta. Nilikuficha kwa sababu niliogopa. Ningeweza kuolewa bila timu yangu kunipenda, lakini si bila wewe. Wewe ndiye baba yangu, mama yangu, na kila mtu wangu.

Harusi ni Jumamosi tarehe 31 Agosti, saa tano asubuhi, kanisani kwao Edelbach. Jambo la mwisho wa Agosti lilikuwa hilo. Nataka unishike mkono tuingie pamoja. Nikiwa nimeshasema hayo, naweka kalamu kabla sijaiogopa barua hii.

Marlys wako


Ziwa Superior
19 Agosti 1974

Marlys,

Barua yako nimekaa nayo siku nne mfukoni, pamoja na kijiko. Wanaume humu wamekula viazi vibichi.

Kwanza: tatu kwa mbili! Nimelia juu ya vitunguu ili nisiulizwe.

Pili: Edelbach. Katika vijana wote wa Minnesota, hata mhubiri wa kuhama hama, hata mcheza kamari, wewe ukamwona huyo. Na mimi niingie kanisa la Wakatoliki wa Edelbach nikiwa na tai! Baba yangu atageuka kaburini mpaka achimbue kisima. Nilitaka kukuandikia maneno makali. Niliandika, nikaitupa ziwani, nikaandika tena, nikatupa tena. Samaki wa huku sasa wanajua maoni yangu.

Halafu nikafikiri: alikuvuta kwenye theluji. Mimi nilikuwa wapi? Jikoni kwa watu, nikikaanga mayai. Basi ahsante kwake. Hilo namwambia, mengine tutayasema tukionana.

Nitakushika mkono. Mwambie avae viatu vilivyopigwa rangi. Na akitupa vibaya akiwa amevaa kofia yetu, harusi hamna.

Mjomba wako


Toledo
26 Agosti 1974

Marlys mwanangu,

Naandika haraka, shehena inakaribia kuisha na tunarudi juu usiku huu. Nimekupigia simu mara mbili, haipokelewi. Nikampigia Duane dukani. Amenipa habari: mmeshinda wiki mbili mfululizo, na Alois ametupa raundi tisa bila kuruhusu pointi. Nilimfanya Duane aseme tena. Halafu akaniambia mchezo unaofuata ni Jumamosi, saa saba mchana, kule Brandvold. Jumamosi ya tarehe 31.

Nimeelewa kosa lako, na ni kosa ambalo mtu wa Sorum peke yake angelifanya. Sisi mwisho wa Agosti ni wakati wa kuchimba viazi na kuoa. Nani angedhani Mabata watakuwa bado wanacheza? Hata mimi ningepanga harusi siku hiyo hiyo.

Sasa nisikilize. Usibadilishe chochote. Najua unanifikiria mimi na ile miaka yangu. Usinifikirie. Brandvold ni mwendo wa saa mbili, haiwezekani kuwa huko na huku. Duane atafute mrushaji mwingine. Meli inafika Duluth Ijumaa. Nitapanda basi moja kwa moja, na Jumamosi saa tano nitakuwa mlangoni kwa hao wala kabichi, nimenyoa.

Sigvald


Sorum
27 Agosti 1974

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii naituma kwenye hosteli ya mabaharia Duluth, kule unakolala kila ukishuka, uikute Ijumaa.

Tunacheza Jumamosi saa saba, Brandvold! Tumekaa na Alois, mama yake na padri wao kwenye meza moja, na nikasema: kuna mtu mmoja ambaye ameungoja mchezo huu miaka ishirini na sita, na mimi sitamfunga tai akae kanisani wakati Mabata wake wanacheza. Mama yake Alois alinikodolea macho. Padri akasema yeye pia angependa kwenda Brandvold, mambo yakaisha hapo. Harusi imesogezwa hadi saa kumi na mbili jioni. Tutakwenda na gauni kwenye gari.

Wewe usije Edelbach. Nenda Brandvold moja kwa moja. Nimekuwekea kiti mezani kwangu, kwenye meza ya pointi, karibu kabisa na uwanja. Utakuwa unasikia hata wanavyopumua. Hii ndiyo zawadi yangu kwako, kabla sijawa mke wa mtu.

Marlys


Sorum
4 Septemba 1974

Mjomba wangu,

Shikamoo. Tumefika salama, na Alois anakusalimu. Ameanza kupiga bomba la jikoni mateke bila kufundishwa. Wageni wamekwisha, keki imekwisha, kabichi chachu bado ipo ya kutosha mpaka Krismasi.

Jana nilifungua sanduku la barua nikakuta ile yako ya Toledo. Nimeisoma nimesimama barabarani, na Bi Tollefson akadhani nimefiwa. Na hosteli ya Duluth wamenirudishia yangu, haijafunguliwa. Kumbe ulikuwa unaniambia nisibadilishe kitu! Mimi nilikaa pale Brandvold na kiti kitupu pembeni yangu mchana kutwa. Kila basi likiingia nilisimama. Raundi kumi na moja, Mjomba. Alois alitupa zote, mkono ukivimba kama mkate. Tulifungwa mbili kwa moja, kwa mpira uliogonga jiwe ukamruka Dale. Watu wa Sorum hawakuondoka. Walisimama wakapiga makofi hadi wale walioshinda wakatuonea haya.

Na wewe hukuona. Hilo ndilo linaloniuma. Miaka ishirini na sita, na mimi kwa mikono yangu mwenyewe nimekukosesha. Nani anajua kama itakuja tena? Jioni ile kulikuwa na kelele nyingi, na asubuhi ukaondoka na basi. Nilikuuliza jambo moja pale kwenye ngazi na hukunijibu. Sijui kama umenikasirikia.

Marlys


Ziwa Huron
15 Septemba 1974

Marlys mwanangu, na Alois mkwe wangu, kama naweza kuliandika hilo bila kalamu kugoma,

Hamjambo? Mimi mzima. Baridi imeanza kuuma ziwani na nimewatengenezea mabaharia supu ya njegere, hawajanishukuru.

Nikukasirikie? Wewe nawe! Ngoja nikueleze siku yangu ilivyokuwa, maana hukupata nafasi ya kuisikia.

Basi lilinishusha Edelbach saa tatu asubuhi. Nimevaa suti, nimenyoa mpaka nimejikata. Mji mtupu. Nakuambia hata paka walikuwa wamepanda magari. Nikaenda kanisani, nikaukuta mlango wazi, nikakaa benchi la mbele kama mkosaji. Saa tano ikafika, hakuna mtu. Nikasema: amenikimbia, ameolewa kwingine. Saa tano na nusu akatokea mama mmoja na ndoo na tambara, Bi Rosina, mtunza nyumba wa padri. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Wewe Mlutheri," akasema.

"Umejuaje?"

"Umekaa mbele. Wetu wote hukaa nyuma. Na vua kofia."

Nikamweleza mimi ni nani. Akaangusha tambara. "Maskini wee! Harusi ni jioni! Wote wako Brandvold!" Nikauliza kama kuna gari mjini. Hakuna. Trekta je? Alicheka mpaka akashika nguzo.

Alinipeleka jikoni, akanipa supu na mkate, akawasha redio juu ya friji. Basi tukausikiliza mchezo, yeye upande mmoja wa meza na mimi upande wa pili. Ile redio ukiiachia inakoroma, ikabidi nisimame nimeishika waya wake tangu raundi ya tatu mpaka ya kumi na moja, mkono juu kama naapa mahakamani. Alois alipolitoa lile jitu la wapinzani kwa mpira wa kupinda, wenzake wawili wakiwa vituoni, nilipiga kelele jina lake. Mimi! Jikoni kwa padri! Bi Rosina akanikemea ati hii ni nyumba ya Mungu, halafu mpira uliofuata akapiga kelele kunishinda, hata akampindua paka wa padri. Na mpira ulipogonga lile jiwe ukamruka Dale, Bi Rosina akaizima redio. Akanimiminia kitu kwenye kikombe cha kahawa ambacho hakikuwa kahawa.

Niliumia, sikudanganyi. Nilikwenda nikakaa kwenye ngazi za kanisa nikaumia vizuri, peke yangu. Nilifikiri, sasa nina miaka sitini na moja, na Mabata wana mwendo wao.

Ndipo magari yakaanza kuingia yakipiga honi kama mmeshinda. Ukashuka na vumbi mpaka kwenye kope, gauni limening'inia begani, sauti imekukauka kwa kushangilia, viatu mkononi. Ukaniona. Ukaja mbio ukanishika koti ukaniuliza, "Mjomba, umekosa mchezo wako?"

Nilikufuta vumbi kwenye kope, nikakushika mkono tukaingia. Sasa nakujibu. Hapana, mwanangu, sikukosa. Mchezo niliusikia, na mchezo unasikika. Wewe nilitaka nikuone.

Nakupenda.
Sigvald